Mpaka wa Ogaden na Chai ya Mama Safia

Mama Safia aliuza chai nyuma ya maduka ya jumla mjini Eldoret, na mgeni hakumiminiwa chai kabla ya kusema babu yake amezikwa wapi. Ndivyo alivyolelewa kwao Ogaden, nchi ya Wasomali iliyo ndani ya Ethiopia.

Siku moja mwaka wa 1978, redio ilitangaza kuwa jeshi la Somalia limeshindwa na Ethiopia huko Ogaden. Karani mmoja mgeni, Elphas, akacheka. "Nyinyi Wasomali mnapenda vita tu."

Mama Safia akaibwaga birika mezani.

"Kisima chetu kiko Ethiopia, malisho yetu yako Somalia. Nani alichora mpaka hapo katikati? Si sisi. Halafu Mrusi akampa Msomali bunduki, akageuka akampa Mhabeshi. Ndugu yangu ameuawa na bunduki kama ile aliyoshika mwenyewe, na wewe unacheka. Babu yako amezikwa wapi?"

"Tororo, Uganda," Elphas akasema polepole. "Sisi tuko pande zote mbili za mpaka, Kenya na Uganda."

"Huo mpaka mlichora nyinyi?"

"Hapana, Mama."

Akammiminia chai mpaka ikafurika kwenye sahani. "Basi kunywa. Wagawa bunduki hawajafika kwenu bado."