Saa ya Kamera ya Mwanamkuu

Ukipita Kilindoni, hapa kisiwani kwetu, ukasikia wanasema Mwanamkuu alimfunga ndugu yake kwa kubofya kitufe kimoja, mwambie huyo anayesema aje kwangu. Mimi ni Kidawa, nauza chai na maandazi mkabala na banda lake la picha, pale karibu na soko, na tumekuwa majirani tangu hatuna mvi. Wanaomsema walikuwepo siku ile. Nawajua kwa majina na kwa nguo walizovaa.

Kamera aliipata mwaka 2006. Ilikuwa miaka ya hifadhi ya bahari, kila mwezi anashuka mtaalamu mpya na kofia yake, na Mwanamkuu alikuwa akimpikia mzungu mmoja aliyekuja kuhesabu matumbawe. Mzungu alipoondoka akamwachia kamera ndogo ya dijitali, rangi ya fedha, unene wa kipande cha sabuni, pamoja na kitabu cha maelezo. Kitabu chenyewe cha Kijerumani. Kurasa zake nilifungia maandazi mwezi mzima.

Basi Mwanamkuu akajifunza kwa kubofya. Juu ya kamera palikuwa na gurudumu dogo lenye vipicha. Ua lilikuwa la vitu vya karibu, ukitaka hina ya bibi arusi ionekane mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Mlima ulikuwa wa mbali. Mtu anayekimbia alikuwa wa watoto, mbuzi na wote wasiotulia, maana ukimweka huyo hata mkono unaopunga unatoka umesimama. Palikuwa na alama ya radi ya kulazimisha mwanga uwake hata mchana, na radi iliyokatwa mstari ya kuuzima. Alizijua zote akiwa amefumba macho, na alikuwa na maringo nazo, tena maringo yake yalinipendeza.

Saa aliiweka siku ya kwanza. Kioo kilimwuliza siku, mwezi, mwaka, halafu saa. Akaniita toka barazani, "Kidawa wee, saa ngapi?" Nikamjibu, "Saa kumi na robo." Akaandika kumi, akaandika kumi na tano. Angeandika nini kingine? Saa kumi ni saa kumi. Tangu hapo kila picha ikawa inatoka na namba za njano kwenye kona, na mji mzima ukazisoma kama zilivyo. Arusi za usiku zilitoka saa kumi na nne, watu wakacheka, wakasema arusi hiyo ilinoga mpaka saa zikazidi.

Mumewe wakati huo alikuwa Kombo, mtu wa mkono mwepesi. Asubuhi moja alimshika nywele akamgonga uso kwenye kizingiti cha mlango mara tatu kwa sababu ya chai iliyopoa, jino likatoka. Mwingine angekuja kulia kwangu. Mwanamkuu aliweka kamera juu ya mtungi, akageuza gurudumu kwenye ua, akabofya alama ya kujipiga mwenyewe, ile inayokupa sekunde kumi huku taa nyekundu ikipepesa, akakaa mbele yake damu ikimtiririka kidevuni. Alijipiga mara sita. Kombo akaapa mbele ya sheikh kwamba asubuhi ile alikuwa shamba, alitoka alfajiri hakurudi mpaka jioni. Sheikh akavaa miwani, akasoma kwenye kona. "Saa tatu na dakika kumi," akasema. "Saa tatu ulinipita hapa barazani, Kombo, ukanipa salamu." Talaka ikatoka siku hiyo hiyo. Mimi nilizunguka soko zima nikisema kamera ya Mwanamkuu haidanganyi.

Baada ya talaka mdogo wake, Faisal, akahamia kwake ili nyumba isikae bila mwanamume. Faisal alikuwa mzamiaji wa pweza. Mwenzake wa kuzamia alikuwa Jumanne, na wawili hao walikuwa wakila sahani moja tangu chuo cha Kurani.

Sasa sikiliza habari ya baruti za kuvulia samaki. Baruti ikipasuka baharini, aliye juu ya maji husikia mgurumo tu, lakini aliye chini hupasuka ndani kwa ndani. Jumamosi moja ya mwaka 2009, saa mbili asubuhi, Jumanne alikuwa chini ya mwamba upande wa Ndagoni na Faisal yuko juu kwenye mtumbwi. Kulikuwa na chombo kwa mbali, hakuona ni cha nani. Baruti ikapasuka, mtumbwi ukaruka. Faisal alipomvuta mwenzake, damu ilikuwa inamtoka masikioni, puani na machoni, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Jumanne alikufa kabla ya adhuhuri, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Faisal, akitapika damu nyeusi. Faisal alirudi Kilindoni na shati lile lile, akalala nalo.

Siku hiyo hiyo Mwanamkuu alikuwa Ndagoni kwenye arusi, wala hakuwa amepata habari. Baada ya sala ya adhuhuri, wakingoja bibi arusi apambwe, alishuka ufukweni kujaribu zumu, ile ya kuvuta vya mbali viwe karibu. Akamwona Hamoud, mwenye shamba la minazi pale Ndagoni, yuko ndani ya mtumbwi wake karibu na mwamba, anatoa nyavu. Hamoud naye akamwona. Akainua samaki, kolekole mkubwa, kwa mikono miwili, akacheka meno yote nje. Mwanamkuu akavuta zumu mpaka mwisho, akapiga. Kwenye kona ikaandikwa 08:12. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na mbili mchana.

Jumatatu jioni alikuwa na wateja wengi, kwa hiyo akatia kadi nyingine kwenye kamera, akampa Faisal kadi ya kumbukumbu ya Jumamosi aipeleke kwa Edwin zikachapwe picha za arusi. Edwin alikuja toka bara, alikuwa na duka la stesheneri na kompyuta, kijana mpole, wala simchukii ingawa nimejaribu. Yaliyosemwa mle dukani Edwin mwenyewe amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Picha ya Hamoud ilipofunguka kwenye kompyuta, Faisal akasema, "Huo si ndio mwamba wetu? Huyu alikwenda lini huko?"

Edwin akatazama kona. "Jumamosi. Saa mbili na dakika kumi na mbili, asubuhi."

"Mbona imeandikwa nane?" Faisal aliuliza. "Hiyo saa nane mchana."

"Hapana, kaka," Edwin akamwambia, akicheka kidogo. "Kwenye mitambo nane ni saa mbili asubuhi. Saa nane mchana ingeandikwa kumi na nne."

Ona basi. Faisal aliisoma sawasawa kama mji mzima ulivyokuwa ukiisoma, akasahihishwa na aliyesoma. Na huyo Edwin alikuwa amechapa picha zile miaka mitatu, arusi ambazo kwa usomaji wake zilikuwa za usiku wa manane huku jua linawaka, hakujiuliza hata siku moja. Faisal akataka picha ile ichapwe kubwa. Akamtazama Hamoud anavyocheka, amebeba samaki, dakika kumi na mbili baada ya mlipuko. Kisha akaokota nondo kwenye jengo la jirani lililokuwa halijaisha, akaenda sokoni.

Hamoud alikuwa anashusha nazi kwenye gari. Pigo la kwanza lilimvunja mkono. Tulisikia mfupa ukivunjika kabla hatujajua ni nini. Faisal alikuwa anapiga na anainua ile karatasi, anasema, "Huyu ndiye aliyemuua Jumanne! Tazameni, anacheka!" Watu wakatazama. Jumanne alikuwa mtoto wa mji, tulimzika jana yake, na kila aliyepita siku zile alikuwa na hasira asiyojua aitue wapi. Mtu akarusha nazi. Mtu mwingine akachukua mpini wa jembe. Hamoud alikuwa amepiga magoti kwenye makumbi, meno yamemtoka, anasema, "Ilikuwa saa nane! Saa nane mchana, wallahi, nimetoka kusali!" Na Faisal anajibu, "Picha inasema asubuhi! Edwin amesoma!" Wakampiga mbavu, mgongo, magoti. Damu ilichanganyika na maji ya nazi ikawa inateleza, mmoja wa wapigaji akaanguka, akainuka amekasirika zaidi.

Mwanamkuu alitoka bandani na kamera shingoni. Nilimwona amesimama, akasikia "picha", akasikia "asubuhi", akaona karatasi. Nilimwona anaelewa. Alipiga kelele, "Saa yangu ya Kiswahili! Faisal, saa yangu ya Kiswahili!" lakini kelele zake zilikuwa za mtu mmoja kati ya watu mia. Alijaribu kupenya, akapigwa kiwiko cha mdomo. Basi akafanya kile alichokijua. Akageuza gurudumu kwenye mtu anayekimbia, akabofya radi, akapanda juu ya meza ya muuza dagaa, akainua kamera juu.

Mwanga uliwaka chini ya paa la soko mara moja, mweupe. Nondo ilikuwa inashuka wakati ule. Ikashuka.

Ndipo watu wakashtuka. Hakuna anayependa kupigwa picha akifanya vile. Wengine wakafunika nyuso kwa kanga, wengine wakatupa mawe chini kana kwamba yamewaunguza. Mwanamkuu akaruka toka mezani, akamkamata Edwin shati, maana alikuwa amekuja mbio akisema waache, na akamwekea kioo cha kamera machoni.

"Soma saa! Soma kwa sauti!"

"Kumi na moja na dakika nne," Edwin akasema.

"Kwa mitambo ni saa ngapi?"

Edwin akatazama nje ya paa. Jua lilikuwa limeshainama, watu wamekwisha kusali alasiri. "Saa tano asubuhi," akasema.

"Sasa hivi ni saa tano asubuhi?"

Faisal alitazama nondo, akamtazama Hamoud, akaiweka chini taratibu, akakaa chini kando ya Hamoud na kumshika mkono ule uliovunjika. Hamoud alikufa usiku wa kuamkia Jumatano, hospitali, bila kusema neno.

Ungedhani mji ungeona haya. Thubutu! Wiki haijaisha watu wakaanza kusema kwamba hata hivyo Hamoud alikuwa na mambo yake, kwamba moto hauwaki bila kuni, kwamba habari ya saa ni Mwanamkuu ameitunga kwa kumwonea huruma mjane. Ilikuwa rahisi kuishi na mlipuaji aliyeuawa kuliko na mkulima wa minazi aliyeuawa bure. Aliyerusha baruti hajajulikana mpaka leo. Muna, mjane wa Hamoud, alikuja bandani na watoto watatu. Huko Ndagoni watoto wenzao walikuwa wanawaita wana wa baruti.

"Dada Mwanamkuu," akasema, "Hamoud harudi. Nataka jina lake tu."

Na jina la Hamoud lilikuwa ndani ya picha moja. Saa ya kamera yenyewe wangesema ameibadili baadaye, na picha za arusi hakuna aliyekumbuka zilipigwa saa ngapi. Picha ile tu, iliyopigwa mbele ya mji mzima saa kumi na moja jioni na kuandikwa kumi na moja, ndiyo iliyoonyesha kwamba saa ya kamera ni ya kwetu. Aliyetaka kumsafisha Hamoud lazima aitoe, na akiitoa, Faisal yuko katikati yake na nondo hewani. Mwanamkuu alijua hivyo. Alikaa siku mbili bila kula, kisha akaipeleka kadi polisi mwenyewe kwa miguu yake.

Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam, mashahidi tukavushwa. Asubuhi ya ushahidi mama yao, aliyekuja kutoka kisiwa cha Juani, alimshika Mwanamkuu mkono nje ya mahakama. "Mwanangu, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sema ilitikisika. Sema hukuona vizuri. Nani atakujua?"

"Mama, haikutikisika," Mwanamkuu akasema. Akambusu mkono, akaingia.

Picha ilikuwa imekuzwa, imewekwa mbele ya jaji. Wakili wa serikali akamwuliza kama anamjua mwenye nondo. Akasema, "Namjua. Ni Faisal, mdogo wangu, tumetoka tumbo moja." Faisal, kule kizimbani, aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameitwa shuleni. Alipata miaka kumi na miwili. Mama alirudi Juani siku hiyo hiyo na mpaka alipofariki hakuvuka tena kwenda kwa binti yake.

Lakini kabla Mwanamkuu hajashuka, wakili wa Faisal alisimama. Alitaka kuonyesha kwamba kosa halikuwa la mtu mmoja. Akaweka kidole pembeni ya picha, juu ya mwanamke mwenye kilemba cha kanga, mdomo wazi, mkono umeinuliwa kumwelekea mwenye nondo.

"Na mama huyu? Anasema nini?"

Mwanamkuu akaitazama picha. Kisha akageuka akanitazama mimi nilipokaa, kwa muda mrefu. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu siku ile, na alikuwa amenisikia.

"Picha haina sauti, mheshimiwa," akasema.

Jaji akaandika. Nikarudi Kilindoni, naendelea kuuza maandazi mkabala na banda lake, na kila asubuhi yeye hunisalimu kwanza. Pale pichani nilikuwa nasema, "Mpige la kichwa, Faisal, asiinuke."