Ng'ombe Hayumo Kwenye Filamu

Nimechoka na programu za nyongeza. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, mtu asije akadhani namshauri aweke seva nyumbani kwake. Yangu ni kompyuta kuukuu niliyopewa ofisini kwetu Malaba, mpakani, tunakoandikia malori makaratasi, walipobadilisha mashine. Sasa inakaa sebuleni hapa Tororo, chini ya televisheni, inavuma mchana kutwa na kula umeme ambao haupo kila siku.

Yenyewe ilivyo, seva hii inatunza filamu na kuzirusha kwenye televisheni, basi. Ukitaka ifanye zaidi ya hapo unaiongezea programu ndogo ndogo, na hapo ndipo balaa linapoanza. Zipo nyingi kuliko dagaa. Ipo ya kuleta picha za majalada, ipo ya kukumbusha filamu uliyoiacha katikati, ipo hata ya kukuambia hali ya hewa, kana kwamba nyumba haina dirisha. Kila moja ina watu mtandaoni wanaoiapia na wengine wanaoilaani, na wote wanaandika kama watu wasio na kazi ya kuamkia. Mchagua jembe si mkulima, na mimi nilichagua jembe hadi macho yakauma.

Nilivumilia kwa sababu ya baba.

Baba alikuwa na kibanda cha video pale Malaba, cha mabati, mabenchi yake ya mbao za makreti. Wateja wake walikuwa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni wakingoja makaratasi. Filamu zilikuwa za lugha ambazo hakuna aliyezijua, za karate hasa, kwa hiyo baba aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akazisimulia kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Wahusika wote walikuwa yeye. Alilia kwa sauti ya mwanamke, akapiga kelele za ngumi, na mtu mbaya alipotokea tu mlangoni alimtambulisha kwa maneno yale yale: "Ona huyu! Hata mbwa ya kwao nabwekea yeye!" Kibanda kizima kilimalizia naye. Baadaye alirekodi sauti yake juu ya kanda zenyewe, ili kibanda kiendelee hata akienda msikitini.

Iko filamu moja aliyoipenda kuliko zote. Mzee mmoja, mwalimu wa karate, anatoka kwenye ua ulioungua moto, anapiga magoti, anafungua mdomo. Baba alisema kwa uchungu ambao sijausikia tena popote: "Ng'ombe yangu iko wapi?" Mzee huyo alikuwa mkulima wa Masinya, kijiji cha huku kwetu. Kijana wake, wa Kwapa, aliapa kumtafuta ng'ombe, na mwizi alikuwa dalali wa Malaba mwenye masharubu. Nimekua nikijua hivyo. Shuleni niliwahi kupigana na msichana aliyesema hakuna ng'ombe katika filamu ile.

Kisha, miaka mingi baada ya kibanda kufungwa, kiharusi kikampiga baba upande wa kulia. Mkono ulirudi kidogo, mguu ukarudi kidogo, mdomo ukakataa. Muuguzi wa mazoezi aliniambia, "Mama, huyu mzee lazima aseme. Chochote. Akinyamaza hivi hivi, itapotea kabisa." Akatupa maneno ya kufanyia mazoezi: maji, mlango, kikombe. Baba alinitazama nikimwambia "sema kikombe" na akageuza uso. Mtu aliyewahi kuwafanya madereva walie hawezi kubembelezwa aseme kikombe. Nilimwelewa, na nilimkasirikia vile vile, maana ni mimi niliyekuwa nikitoka Malaba jioni na koo limekauka kwa kujibizana na madereva, halafu nianze kumwimbia kikombe.

Zile kanda zilikuwa zimeliwa na ukungu, tukazitupa, lakini kabla ya hapo fundi mmoja wa Busia alikuwa amezihamishia kwenye diski. Diski hiyo ndiyo niliyoitia kwenye seva. Alasiri moja nikaweka ile ya ng'ombe ili tu nyumba isiwe kimya. Masharubu yalipoingia mlangoni, nikasikia kitu nyuma yangu. Baba alikuwa ananong'ona akiifuata sauti yake mwenyewe, nusu neno nyuma yake. "Mbwa. Kwao." Nilisimama na sufuria mkononi, nikalia, siwezi kusema uongo.

Tangu siku hiyo seva ilikuwa na kazi moja tu, kumfanya baba aseme. Kila jioni nikitoka kazini tuliweka filamu, naye akainong'oneza. Maneno yaliongezeka polepole. Kwingine kote alikuwa bubu.

Ningeacha hapo ningekuwa na akili. Lakini picha ilikuwa mbovu, imejaa mistari, na macho ya baba si ya jana. Ndugu yangu mdogo, anayeishi Busia upande wa Kenya na anayejua kila kitu kwa simu, akaniletea filamu zile zile zikiwa safi, picha inang'aa, bila sauti ya baba. Nikaongeza programu ya kutambua majina ya filamu, maana faili za fundi ziliitwa namba namba tu. Nikaongeza nyingine ya kuleta maandishi ya Kiswahili chini ya picha, nikifikiri baba atayasoma kwa sauti. Kuichagua hiyo kulinitoa jasho. Moja ilileta Kiswahili cha ajabu, nyingine ilichelewesha maandishi hadi mtu alikuwa ameshakufa ndipo anaomba msamaha.

Niliyoichagua mwishoni ilikuwa nzuri. Mzee akatoka kwenye ua ulioungua, akapiga magoti, na chini pakaandikwa: *Shule yangu imevunjiwa heshima.*

Nikarudisha nyuma, nikasoma tena.

"Baba," nikasema, "ng'ombe hayumo!"

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuona haya hata kidogo. Hakuyasoma maandishi pia, si siku hiyo wala siku nyingine. Alinyoosha kidole mpaka nikarudisha ile yenye mistari na sauti yake.

Diski ikajaa, kila filamu ikiwa mara mbili. Programu ya nakala za akiba, ambayo nilikuwa nimeiweka ili nilale usingizi, ikaanza kulalamika kwamba haina nafasi. Nikampigia ndugu yangu.

"Sista, hiyo imejaa juu ya vile umeweka vitu double double," akasema. "Kuna programu ya kutafuta zinazofanana, inabakisha ile poa. Weka hiyo, wacha stress."

Nikaiweka. Ilikuwa na adabu, kila mara iliniuliza: hizi mbili ni filamu moja, je, niondoe ile duni? Iliniuliza nikiwa kwenye foleni ya malori, iliniuliza nikiwa napika, na mimi nikajibu hapana, hapana, hapana. Kwenye mipangilio palikuwa na kisanduku kilichosema isiulize tena. Wiki hiyo maswali yalikuwa yametoka kila upande, bosi, madereva, muuguzi, ndugu. Nikakitia alama. Nilidhani nimeiambia inyamaze. Kumbe nimeiambia iendelee bila mimi.

Nilipokuwa kazini ikafanya kazi yake vizuri sana. Ile ya kutambua majina ilikuwa imeshamwambia mwenzake kwamba faili za namba namba ni filamu zile zile. Huyu akapima picha, akaona mistari, akaziondoa zote. Ile ya nakala za akiba nayo, kwa uaminifu wake wote, ikaangalia kilichobaki na kukinakili hivyo hivyo, ikafuta upande wake pia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Niliyaona hayo kwenye simu nikiwa njiani kurudi nyumbani. Nilimpigia fundi wa Busia, akaniambia nakala yake ya siku zile alishaiandikia harusi za watu. Nikampigia ndugu yangu, naye kwa mara ya kwanza maishani akaniambia nimuulize mtu mwingine.

Nikamkuta baba kwenye kiti chake, uji umeshapoa mezani, anangoja. Sikujua la kufanya, nikaweka ile safi. Muziki ukaanza. Aliinamisha kichwa upande kama afanyavyo akingoja sauti yake mwenyewe ianze, na sauti haikuja. Akanitazama.

"Sauti," akasema.

"Imefutika, Baba. Zote. Mashine imezifuta, na mimi ndiye niliyeiruhusu."

Sikujua kama ameelewa, kisha nikaona ameelewa, maana aliacha kunitazama mimi akaitazama televisheni. Nilitamani anigombeze. Miguu iliniuma, nikaketi sakafuni karibu na kiti chake bila hata kuvua kitambaa cha kichwani, nikawaza kwamba kesho ataanza kusahau na mwezi ujao atakuwa amesahau.

Masharubu yakaingia mlangoni. Safari hii yaliingia kimya kimya, hakuna wa kuyatambulisha, na nikaona jambo hilo linamuudhi baba kuliko kufutwa kwenyewe. Kifua kilimpanda. Mkono wake mzima ulishika kiti.

"Mbwa," akasema. Akahangaika. "Mbwa ya kwao." Akafika pale ambapo sauti yake ilikuwa ikimvuta, na hapakuwa na wa kumvuta. Akanisukuma bega kwa goti.

"Nabwekea yeye," nikasema.

Akanisukuma tena. Filamu ilikuwa inaendelea na watu walikuwa wanafungua midomo bure. Kwa hiyo nikaanza kuyasoma maandishi yaliyokuwa chini, kwa sauti ile ile ninayowasomea madereva masharti ya mzigo. Nilisoma vizuri, sikukosea neno. Ua ukaungua. Mzee akatoka, akapiga magoti.

"Shule yangu imevunjiwa heshima," nikasoma.

Baba akapiga kiti kofi. "Hapana!"

Nikageuka. Uso wake ulikuwa umejikunja upande mmoja na mate yamemtoka, na ilikuwa wazi kwamba hatanisamehe hili, hata kama lile la kufuta angeweza kulisamehe.

"Wewe nasoma," akasema. Akavuta pumzi, akautafuta mdomo wake, akaupata. "Sema."

Tangu kiharusi hakuwahi kuunganisha maneno ambayo hakuna aliyemtangulia kuyasema. Nikachukua rimoti, nikarudisha nyuma hadi kwenye moto, nikaizima ile programu ya maandishi niliyoitolea jasho. Mzee akatoka tena, chini yake pakiwa patupu. Alipofungua mdomo, nami nikafungua wangu.

"Ng'ombe yangu," nikasema. "Ng'ombe yangu iko wapi?"

Baba akauvuta uji wake karibu, kama mteja kibandani.