Memba wa Seti Tupu

Je, unyayo wa kiboko ni memba wa seti ya viboko? Niliulizwa hivyo mbele ya darasa zima, nikabaki mdomo wazi. Wengi walifurahi, maana mdomo wangu haukuwa na desturi ya kukosa la kusema.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na hesabu mpya za seti ndiyo kwanza zimefika shuleni kwetu, Mafia. Mwalimu wetu, kijana kutoka bara, tulimpenda kwa sababu alituacha tumbishie. Lakini akija mgeni tuligeuka mabubu. Mkaguzi alishaonya: akitukuta tena hatuulizi kitu, mwalimu atahamishwa.

Siku hiyo mkaguzi akarudi.

"Shikamoo, ndugu mkaguzi!"

"Marahaba."

Kisha kimya. Mwalimu akaandika ubaoni: seti ya viboko wa Mafia. Akachora mabano, ndani hakutia kitu. "Hii," akasema, "ni seti tupu."

Tukatazamana. Bondeni, nyuma ya darasa, kulikuwa na mpunga wa shamba la shule, na baba zetu walikesha huko kwa zamu wakipiga madebe. Walikuwa wakimfukuza nani, shomoro?

"Si tupu, mwalimu!" nikaropoka. "Viboko wapo!"

"Umewaona?" akadakia mkaguzi.

"Nimeona nyayo."

Ndipo aliponitupia lile swali. Nilipokwama, darasa likalipuka.

"Na mavi je?"

"Mavi yana mwenyewe!"

"Twende, ndugu mkaguzi, ukaikague hiyo seti!"

Tukateremka bondeni tukisukumana. Mkaguzi akainama kwenye unyayo mmoja, mpana kama sahani ya pilau, akatumbukiza kiatu chake kupima. Kiatu kikamezwa chote. Papo hapo dimbwini pakasikika mkoromo, maji yakaruka juu. Sijapata kuona kaptula ya Serikali ikikimbia vile. "Si tupu!" alipiga kelele. "Si tupu!" Nasi nyuma yake, mbavu hatuna.

"Darasa bishi kama hili," alisema baadaye akihema, "nani mwingine ataliweza?" Mwalimu akabaki.

Miaka ikapita. Nikiwa chuo kikuu nilikutana na mwalimu, nikamtania kwa kosa lile la ubaoni. Akacheka mpaka akavua miwani. Viboko alikuwa akiwajua tangu wiki yake ya kwanza kisiwani: walimaliza matembele yake yote nyuma ya nyumba.