Bibi wa Usumba na Kamba Kutoka Tanga

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini hapa Madungu, mtu mmoja wa Ole aliyekuja mjini kwa baiskeli alinishika mkono akaniambia kwamba yule bibi wa usumba hatunaye tena. Homa ya siku tatu tu, na alikwisha kuzikwa asubuhi ile ile. Aliniambia kama mtu anayepasha habari ndogo, kisha akaniuliza bei ya unga. Hakujua kwamba bibi yule amekufa akinidai. Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikiwalaumu wengine kila wiki. Leo zamu ni yangu.

Sitamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye viganja vigumu kama ubao, akikaa kwenye kijiji cha pwani upande wa Ole. Yeye na wenzake kumi na wawili walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, wakiyaacha miezi mingi mpaka yaoze, kisha wakiyafukua na kuyaponda kwa marungu hata usumba utoke, na usumba huo wakiusokota kamba. Ni kazi yenye harufu mbaya na ya kuvunja mgongo. Lakini kwa kamba hizo watu waliwamba vitanda, walifunga magunia ya karafuu na kuvutia matawi ya mikarafuu wakati wa kuchuma. Mwanamke asiye na shamba wala mume aliweza kuishi kwa kamba, na huyu aliishi.

Halafu zikaanza kuja kamba za katani kutoka Tanga. Ilikuwa miaka ile bei ya karafuu ilipoporomoka, na kila mwenye shamba akawa anatafuta pa kupunguza. Kamba za katani zilikuwa nyeupe, safi, hazinuki, na bei yake haikufika nusu ya kamba zetu. Nami wakati huo nilikuwa karani kijana katika ofisi ndogo ya bandarini ambayo sina haja ya kuitaja. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kinachoshuka na kinachopakiwa, na kwa macho yangu niliona jambo ambalo wakubwa hulisema kwa maneno marefu. Vyombo vya ng'ambo vilikuja vimejaa kamba, sabuni, mahindi na mbuzi, vikarudi na nazi chache na papa mkavu. Karafuu, ambayo ndiyo mali yetu, jirani yetu wa bara hakuwa na haja nayo zaidi ya chembe za kutia kwenye pilau. Wanunuzi wake wako mbali. Kwa hiyo kila tulichonunua kwa jirani tulikilipia kwa fedha ya zao moja, na zao hilo lilikuwa linaanguka.

Asubuhi moja bibi yule aliingia ofisini, amebeba mzigo wa kamba kichwani. Aliutua sakafuni mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nambia, hizi kamba za Tanga, nani anaziruhusu?"

Nikamweleza kwamba ni biashara halali, mwenye kununua ananunua na mwenye kuuza anauza.

"Sikusema ni haramu," akanijibu. "Mie n'auliza kama serikali yaweza kuzitia ushuru, ijapo kidogo, tupate pumzi. Duka lolote mjini halichukui kamba zetu. Na makumbi bado yamo topeni. Tufanyeje?"

Swali lake lilinigusa, na nasema kweli, lilinipa na kiburi pia. Nilikuwa kijana anayejua kutumia mashine ya chapa, nikaona hapa pana kazi ya kishujaa. Nikamwandikia barua nzuri, ya adabu, nikamsomea mstari kwa mstari, akatia alama ya kidole gumba. Alipoondoka aliniombea dua ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia haya.

Bwana mkubwa wa ofisi aliisoma barua ile akiwa amesimama. Hakuwa mtu katili. Alisema wenye mashamba wanalia na bei ya karafuu, na wavuvi nao wamefurahi kupata kamba rahisi. Je, awapandishie hao wote bei kwa ajili ya wanawake kumi na watatu? Tena jirani akikasirika akakataa nazi zetu, itakuwaje? Kisha akasema, "Iweke. Haiendi popote." Nikaiweka. Kwa hesabu ya nchi huenda alikuwa na haki. Kosa lililofuata si lake, ni langu.

Mwezi ulipokwisha bibi akaja. "Jibu limekuja, mwanangu?" Nilifungua kinywa nimwambie kweli, nikaona uso wake, nikasema, "Bado, bibi." Akaja mwezi wa pili. "Bado." Mwezi wa tatu nikathubutu hata kumwambia subira huvuta heri. Kila mara alitembea kwa miguu kutoka kwao, na kila mara alishukuru. Uongo ule ulikuwa mwepesi kwangu kwa sababu ulifanana na huruma.

Sikujua alifanya nini na maneno yangu huko kwao. Wenzake walikuwa wamekwisha kuchoka, wakitaka kuuacha usumba na kukodi konde za muhogo kabla ya mvua. Yeye aliwazuia. Aliwaambia karani wa bandarini kasema jibu liko njiani, ushuru utatiwa, bei itarudi. Wakamwamini, wakafukia makumbi mara ya pili. Mvua ikapita bila muhogo kupandwa. Makumbi yalipoiva wakayaponda, wakasokota, wakazipeleka kamba mjini, na mwenye duka akawaambia, "Msinione mbaya, kina mama. Hata bure, sina pa kuziweka."

Mwaka ule palikuwa na njaa katika nyumba zile. Wawili walihamia Unguja na waume zao kutafuta kazi ya upagazi. Mmoja alifiwa na mtoto mchanga, na ijapokuwa hapana awezaye kusema ni njaa tu, yeye mwenyewe alisema hivyo, na alimwambia bibi usoni. Tangu hapo wenzake hawakumwalika tena harusini wala kumgongea mlango. Kamba zile alizifanya kuni, kidogo kidogo, mpaka zikaisha.

Hayo yote niliyapata baadaye, nilipokwisha kuacha ukarani na kuanza kuandika gazetini. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru wake, kamba za Tanga zinaendelea kuja, nami nikaona siwezi kuendelea kuandika juu ya wanyonge na moyo wangu una deni hilo. Nikaenda Ole. Nilimkuta akipalilia muhogo katika konde ya mtu, kwa kibarua. Nikamwambia kwamba barua yake haikupelekwa popote.

Aliendelea kupalilia hatua tatu, nne. Kisha akakaa chini.

"Weye ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, bibi."

Alijifuta udongo viganjani.

"Mwanangu," akasema, "ushuru n'liuomba kwa serikali. Kwako weye n'liomba habari tu. Ungenambia haiendi, n'ngewaacha wenzangu wakalime."

Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe. Aliinuka akaendelea na kazi yake, nami nikarudi mjini.

Nchi ndogo iliyo jirani na nchi kubwa haitaweza kila siku kuzuia bidhaa rahisi. Pengine itatia ushuru, pengine itashindwa, na watu wenye akili kuliko mimi watabishana juu ya hilo. Lakini mnyonge anayekaribia kupoteza kazi ya mikono yake ana haki moja isiyogharimu hazina hata senti, nayo ni kuambiwa ukweli mapema, wakati mvua bado haijanyesha na jembe bado lina kazi. Nyinyi vijana mnaokalia viti vya ofisi sasa, mkilazimika kumwambia mtu hapana, mwambieni siku hiyo hiyo. Itamuuma, na huenda akawachukia. Lakini atakwenda kulima.