Ukurasa wa Sabuni

Vitabu vya serikali havikuwahi kufika Kibati, kaskazini mwa Goma, na mimi nilichoka kuwaandikia ubaoni hesabu za treni watoto ambao hawakuwahi kuona treni. Nikawaambia wanafunzi wangu wa darasa la sita: andikeni kitabu chenu wenyewe. Wakaandika juu ya makatoni. Mmoja alichora shamba la babake kule Rutshuru akatufundisha kupima eneo. Msichana mmoja, ambaye mama yake aliuza sabuni za mche, alituandikia hesabu za sehemu: mche mzima, nusu, robo, na kile kipande anachonunua mtu asiye na kitu.

Jioni kila mtoto aliondoka na ukurasa wake, maana usiku darasa lililaza wakimbizi. Asubuhi waliutundika tena kwenye kamba ya darasani, kila mmoja mahali pake. Penye pengo, tulijua nani hakuja.

Vita vikatufuata. Tulikimbilia Goma, nikafungua darasa upya karibu na soko la Kituku. Kurasa zilirudi moja moja, nyingine zimelowa, nyingine zimepasuka. Ukurasa wa sabuni haukurudi.

Kisha akaja mkaguzi. Bila sahihi yake, wanafunzi wangu wasingefanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Alisoma kamba yote bila haraka, akasimama penye pengo.

“Mwalimu, hapa fraksio inakosa. Mupatie mutoto mwingine aandike, nitasinye.”

“Ile page iko na mwenyewe, papa.”

“Na kama hakuye tena?”

Hasira ilinipanda. Vita vilimtoa msichana yule kwao, vikamtoa na Kibati. Sasa nimtoe kwenye kitabu kwa mkono wangu? Nilijua ninachohatarisha, na bado nilikataa. Nilituma mtu dukani akaleta mche wa sabuni, nikamkabidhi mkaguzi pamoja na kisu.

“Ulizeni mutoto mwenye munataka. Ni ule mutoto wa sabuni alibafundisha.”

Aliuliza huku anakata. Walimjibu wote, hata wale wa nyuma wasiopenda hesabu. Alisaini akiwa amenuna, akaondoka na mikono inayonuka sabuni.

Kamba ile bado ninayo, na pengo lake. Juzi mwanafunzi mpya alileta katoni safi akataka kuitundika pale. Nikamwambia atafute nafasi nyingine, hiyo ina mtu.