Damu ya Ndama Ambaye Hajanyonya

"Mfungue mdomo," mume wangu aliniambia. "Mfungue, mbona wamtesa?"

Alikuwa amelala hospitalini, Msambweni, mchana kweupe, fizi zinatoka damu, macho ameyakaza mlangoni. Nikageuka. Hapakuwa na kitu ila muuguzi aliyekuwa akisukuma kigari cha dawa. Lakini yeye alikuwa akimwona ndama pale, na alinikasirikia kwamba simfungui. Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikainama, nikafungua fundo ambalo halikuwako. Muuguzi akanipisha bila kuuliza. Niliporudi kitandani alikuwa ameshakata roho, na uso wake bado umeelekea kule.

Sisi ni wafugaji wa bara ya Kwale, upande wa ukame. Mwaka ule mvua ilinyesha hata maji yakatuama wiki nyingi nyuma ya zizi, na mbu wakawa wengi, ukipiga kofi hewani mkono unarudi na damu. Kisha ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Si mmoja wala wawili. Watano katika wiki moja. Asubuhi unakuta ndama amelala topeni, manyoya yameshaota, macho wazi, na mamake amesimama mbali, hata hamnusi. Kilichonitisha mimi ni kile kimya. Ng'ombe aliyefiwa hulia. Wetu hawakulia, walitutazama tu tukipita na jembe la kuzikia.

Wa sita alizaa ndama hai, jike, alfajiri ileile ambayo wa tano alitupa. Mume wangu akampigia simu daktari wa ng'ombe, yule kijana wa serikali anayehudumia upande wetu. Jibu lake lilikuwa moja: "Asinyonye mpaka nifike. Hata tone."

Nikapasua leso, nikamfunga ndama mdomo kwa kipande chake. Hajapata hata saa moja duniani. Kutoka alfajiri mpaka adhuhuri imepita nilikaa naye nikimzuia asimfikie mamake. Hakupigana nami. Alinitazama. Nikapeleka kidole karibu kabisa na jicho lake, na jicho halikupepesa.

Daktari alikuja ndani ya pikapu ya tajiri anayenunua ng'ombe kwetu na kuwashusha Ukunda. Tajiri hakuteremka.

"Shikamoo, mama," daktari akasema.

"Marahaba."

Adabu alikuwa nayo, sitamnyima hiyo. Akavaa glavu mpaka viwikoni, akafunika pua na mdomo. Akatoa damu ya yule ndama shingoni, kisha akampasua yule aliyetupwa alfajiri na kukata kipande cha ini. Chupa mbili. Nikamuuliza kwa nini nimemtesa mtoto wa watu kwa njaa. Akanieleza vizuri: "Damu ya ndama ambaye hajanyonya ni yake mwenyewe, mama. Tukikuta humo kinga ya ugonjwa, tunajua aliupatia tumboni. Akishakunywa dang'a, yale maziwa ya kwanza, anachukua kinga ya mamake, na jibu linavurugika."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nililielewa. Naliandika hapa ili asije akasema hakuijua kazi yake. Aliijua. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na damu, mimi ndiye niliyeandika kwenye plasta za zile chupa. Moja "ndama jike". Ya pili "ini".

"Ni ugonjwa gani huu, daktari?" mume wangu akauliza.

Tajiri akajibu kutoka dirishani. "Ugonjwa gani, mzee? Wamekula majani mabichi baada ya njaa. Hata wewe ukilishwa pilau mwezi mzima utatupa mimba."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka.

Kwetu ng'ombe hashushi maziwa bila ndama ubavuni. Ndama akifa, anachunwa, ngozi inajazwa nyasi kavu na kusimamishwa karibu na mamake ili adanganyike. Kwa hiyo mume wangu akauliza, "Na huyu akifa, nimchune?"

Daktari akamtazama tajiri kwanza. Kisha akasema, "Mchune tu, mzee. Unawe kwa sabuni." Alisema hivyo huku akizivua glavu zake kwa ncha za vidole, akazitia mfukoni, na mfuko akaufunga mafundo mawili.

Ndama nilimfungua, akanyonya kidogo, akafa kabla ya magharibi. Mume wangu alimchuna kwa mikono mitupu, akamjaza nyasi, akamshona tumbo kwa sindano ya gunia, akampa miguu ya vijiti. Asubuhi nilimwona kutoka jikoni. Alikuwa amesimama vizuri kuliko alivyowahi kusimama akiwa hai. Mamake alimlamba, na kila akilambwa kichwa kinaitikia. Maziwa yakashuka. Mbwa wetu hakuingia tena zizini.

Siku ya nne mume wangu akashikwa na homa. Mimi nikafuata. Hospitalini walituuliza kama tuna mifugo inayotupa mimba, na kama imepimwa. Nikampigia daktari wa ng'ombe. "Majibu bado, mama," akasema. Majibu ya damu ya mume wangu yalitoka tumeshamzika. Homa ya Bonde la Ufa. Inaua ndama tumboni, na anayeshika damu yao inamrukia.

Mimi nilipona, kama huku ni kupona. Jicho la kulia limebaki na doa katikati. Nikikutazama kwalo naona masikio yako na nywele. Uso sioni.

Eda ilipokwisha nilikwenda ofisini kwa daktari. Hakuwako. Karani, mwanamke mwema, aliona nimechoka, akafungua friji anipe maji. Nyuma ya maji zilikuwa chupa mbili, na mwandiko kwenye plasta ni wangu. Ini lilikuwa limegeuka rangi ya majivu.

"Hizo?" karani akasema. "Ziko hapo tangu mvua. Karatasi ya kuzipeleka maabara haikutiwa sahihi."

Wiki ile ya chupa, malori ya tajiri yalishuka na ng'ombe wa Idd. Ugonjwa ungetangazwa, soko lingefungwa. Hilo halihitaji darasa la tano.

Sasa nawauliza, na sitaki salamu zenu. Wewe daktari, ulivaa glavu kwa kuogopa nini, ukamwambia mume wangu achune? Wewe tajiri, mlizungumza nini njiani mkirudi? Chifu ana mkutano wake kila mwezi na nyote wawili mwaujua. Njooni msimame mbele ya watu, mseme nani kati yenu alitaka chupa zile zisifike maabara.