Salumu Ana Dada?

Leo nilitaka kumshinda dada yangu kwa hoja. Nimemliza.

Alidai bintiye Mwajuma, wa miaka mitano, anafikiri kama mtu mzima. Nikapinga: katika umri huo mtoto hujua ana kaka, lakini hatambui kwamba kaka huyo naye ana dada. Nikamjaribu papo hapo.

"Mwajuma, una kaka?"

"Ninaye. Salumu, yuko Mgeta kwa baba."

"Salumu ana dada?"

"Hana."

Nikacheka kwa ushindi. Vitabu vya saikolojia ya watoto vilitabiri jibu hilo hilo.

"Baba kamkataza kunitaja mbele ya mama mpya," akaendelea. "Salumu mwenyewe aliniambia kwenye simu."

Dada akaacha kuchambua mchicha, akajifunika uso kwa kanga.

"Mjomba, nimepata?"

Ninyi mngemwambia nini?